Anayempendekeza Fundi Ajue Uzito wa Neno Lake

Katika mji wa Timau na viunga vyake, kazi nyingi hufanywa na watu wanaojitegemea wala si na makampuni makubwa. Yuko fundi anayetandaza mabomba ya kunyunyizia viazi maji, yuko mchoraji wa ramani za nyumba, na yuko mtaalamu wa kompyuta anayehudumia shule kadhaa. Aghalabu hawa huulizwa na wateja wao: "Je, wamjua mtu wa kunifanyia ile kazi nyingine?" Nao hutaja jina papo hapo. Maoni yangu ni kwamba jina hilo lina uzito mbele ya sheria, na yafaa vijana wetu waelezwe hivyo wangali shuleni.

Tuchukue mfano. Mkulima amwuliza fundi wake wa mabomba ni nani awezaye kumchimbia kisima. Fundi ajibu: "Mwite fulani, ni hodari na mwaminifu." Mkulima atoa arbuni, naye fulani achimba nusu na kutoweka. Je, fundi wa mabomba ana hatia?

Kwa kawaida, la. Mkataba ni baina ya mkulima na mchimbaji, na kutaja jina la mtu peke yake si kosa. Hata hivyo, ziko hali ambazo jibu hilo hubadilika.

Ya kwanza ni pale fundi anapoichukua kazi yote kwa jina lake, kisha akamwajiri mwanakandarasi mwingine kuifanya sehemu. Hapo mteja hana mkataba ila na yeye. Kazi ikiharibika atadaiwa yeye, na ni juu yake kumwandama yule aliyemwajiri.

Ya pili ni pale anaposema, "Akishindwa, nitalipa mimi." Huo si ushauri tena bali ni udhamini. Sheria ya Mikataba ya Kenya, Sura ya 23, katika kifungu cha 3, inataka ahadi ya kubeba deni au kosa la mwingine iwe kwa maandishi na iwe na sahihi ya mwenye kuitoa, ndipo mtu aweze kushtakiwa kwayo. Kifungu hicho hicho kinataka maandishi pia pale mtu anaposifu tabia au uwezo wa mwenzake kwa nia ya kumpatia mkopo, fedha au bidhaa. Basi na ajihadhari mwenye kuandika barua ya sifa na kuitia sahihi ili kumfurahisha rafiki.

Ya tatu, na ndiyo ngumu zaidi, ni ushauri wa kizembe. Kifungu cha 3 cha Sheria ya Mahakama ya 1967 kinaruhusu mahakama zetu kufuata misingi ya sheria ya Uingereza iliyojengwa na majaji, kadiri hali ya Kenya inavyokubali. Mwaka wa 1963, katika kesi ya Hedley Byrne, Baraza la Malodi liliamua kwamba mwenye ujuzi anayetoa habari, akijua kuwa mwenziwe ataitegemea, anaweza kulipishwa fidia akiitoa bila uangalifu, hata kama hakuna mkataba kati yao. Shirika moja la matangazo lilikuwa limepoteza zaidi ya pauni 17,000 kwa kuamini maelezo ya benki kuhusu mteja wake. Benki iliokoka kwa sababu moja: ilikuwa imetamka wazi kwamba haikubali dhamana ya maelezo hayo.

Mwaka wa 1988, katika kesi ya Chaudhry dhidi ya Prabhakar, Mahakama ya Rufani ya Uingereza ilikwenda mbali zaidi. Bwana mmoja aliyejua habari za magari alimchagulia rafiki yake gari bila malipo. Aliona kwamba boneti lilikuwa limepondeka na kutengenezwa, lakini hakuuliza kulikoni. Gari lilikuwa bovu kabisa, naye akatakiwa kulipa. Urafiki haukumsaidia. Maamuzi hayo hayazifungi mahakama zetu, lakini majaji wetu huyazingatia.

Hatari huongezeka pale fundi anapopokea kamisheni ya siri kutoka kwa yule aliyempendekeza. Mteja aliyedhani anashauriwa kwa nia njema kumbe anauzwa. Pokea ukitaka, lakini mwambie mteja kabla hajaamua.

Wako watakaosema kwamba mawazo haya yataua ujirani mwema, kwa kuwa kila mtu atafunga kinywa. Sikubaliani nao. Sheria haimkatazi mtu kusaidia, bali inamtaka aseme analolijua na aungame asilolijua. Kati ya "ni hodari" na "alinifanyia kazi moja mwaka jana nikaridhika, lakini visima sivijui" pana tofauti kubwa. Kauli ya pili ni ya kweli, na inamwachia mteja nafasi ya kuchunguza. Afadhali pia kutaja majina mawili au matatu, na kumhimiza mteja aombe vyeti. Wanakandarasi wa ujenzi, kwa mfano, hutakiwa kusajiliwa na mamlaka iliyoundwa chini ya Sheria ya Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi ya 2011.

Nawaomba walimu wa masomo ya biashara walijadili jambo hili darasani. Wengi wa wanafunzi wao hawataajiriwa na serikali wala na kampuni. Watajiajiri wenyewe, na mali yao ya kwanza itakuwa ni kuaminiwa. Mkulima aliyepoteza arbuni yake huenda alikuwa ameuza ng'ombe ili kuipata, na alimpa mgeni fedha hizo kwa sababu tu alimwamini aliyemtaja. Wahenga walinena kwamba heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi.