Ogopa Plastiki, Lakini Usidharau Damu Chooni

Msomaji, huenda umesikia kwamba plastiki huleta saratani ya utumbo mpana. Jambo hili lafaa kuelezwa vyema.

Kemikali iitwayo BPA hutumiwa kutengeneza plastiki ngumu inayoonyesha ndani, na pia utando wa ndani wa mikebe ya vyakula. Penye joto, hutoka na kuingia katika chakula kwa wingi zaidi. Mwilini hujifanya homoni ya estrojeni. Katika maabara, watafiti wameweka BPA kwenye seli za saratani ya utumbo mpana, wakaona zikihama na kupenya kwa urahisi zaidi. Ulaya iliipiga marufuku katika chupa za watoto mwaka wa 2011.

Hata hivyo, seli iliyo maabarani si mtu mzima. Haijathibitishwa kwamba BPA huwapa watu saratani hii. Yaliyothibitishwa ni sigara, pombe, unene na nyama za viwandani kama soseji.

Kwa hivyo, pasha chakula katika sufuria, si katika plastiki. Lakini maoni yangu ni kwamba adui mkubwa ni kuchelewa. Mtu huona damu chooni, akasema ni bawasiri, akanunua dawa dukani mwezi baada ya mwezi. Ukiona damu, choo kikibadilika kwa majuma kadhaa, au ukikonda bila sababu, nenda ukapimwe. Saratani hii ikigunduliwa mapema, mara nyingi hupona. Usimwonee daktari haya.