Ukuta mkaidi kwa nani?

Katika kitivo chetu kuna mazoea ambayo napenda kuyapinga: kudhani kwamba kazi ya mtu wa lugha inaishia pale maabara inapoanzia. Nilipomweleza mwalimu mmoja kwamba nasaidia kuandika kwa Kiswahili muhtasari wa tasnifu ya biolojia, alinijibu kwa upole: "Hiyo uwaachie watu wa agronomia." Namheshimu sana mwalimu huyo, ila sikubaliani naye.

Tasnifu yenyewe ni ya dada mmoja wa kwetu anayeandaa doktora huko Ulaya. Anashughulika na uhandisi wa kuta za seli za mimea kwa njia ya biolojia sanisi, yaani anatunga vipande vya ADN, anavitia ndani ya mmea, kisha anaangalia kama mmea utajenga ukuta wa namna nyingine. Aliniomba tuandike kurasa mbili ambazo mama yake angeweza kusomewa na kuelewa mtoto wake amekuwa akifanya nini miaka yote hiyo. Kwa Kifaransa alikuwa ameziandika kwa siku moja. Kwa Kiswahili zilituchukua wiki tatu. Msidhani ni kwa sababu Kiswahili ni maskini. Kila mara tulipotafuta neno, tuligundua kwamba neno la Kifaransa lilikuwa limeficha jambo.

Nianze na ukuta wenyewe. Kila seli ya mmea imezungukwa na ukuta. Mwaka 1665 Mwingereza Robert Hooke alichapisha alichokiona kwa hadubini katika kipande cha kizibo: vyumba vidogo vitupu, akavipa jina la chumba. (Huku kwetu chumba cha polisi cha namna hiyo kinaitwa kasho, basi tushukuru neno halikupitia hapo.) Kumbe alichokiona kilikuwa kuta tu, uhai ulikwisha kutoka zamani.

Ukuta wa seli ya ubao umejengwa karibu sawa na nyumba ya fito na udongo. Fito ni selulosi, nyuzi ndefu za sukari iliyoungana, ambazo ni karibu nusu ya uzito wa ubao mkavu. Kamba za kufungia ni hemiselulosi. Fito na kamba zikiisha kukaa mahali pake, lignini inajaza nafasi zilizobaki, inashikamana, na ukuta unakuwa mgumu. Lignini ni kama robo ya uzito wa ubao. Pasipo lignini mti haungesimama, na mirija inayopandisha maji kutoka mizizini ingebonyea.

Kwa tendo hilo la kujaza lignini, Kifaransa kina neno moja refu lililotoka kwa Kilatini *lignum*, ubao. Sisi tulijaribu "kulignisha", tukacheka wenyewe. Ndipo dada akakumbuka nyumba ya bibi yake kijijini na akasema: "Si wanakandika?" Naam, wanakandika. Kukandika ni kujaza udongo kati ya fito, baada ya fito kufungwa. Neno lilikuwapo tangu zamani, tena linataja mpangilio wa kazi, nini kinatangulia na nini kinafuata, jambo ambalo neno la Kilatini halisemi. Na tofauti yake na "kuandika" ni konsonanti moja tu. Nitarudi kwa kuandika hivi punde.

Neno lililotutesa zaidi ni lingine. Viwanda vinavyotaka kutengeneza pombe ya kuendesha magari kutokana na miti na majani vinahitaji sukari iliyomo ndani ya selulosi. Vimeng'enya vinavyokata selulosi vinazuiwa na lignini, na kuiondoa kunagharimu joto na kemikali. Wataalamu wakalipa tatizo hilo jina ambalo kwa Kiswahili, ukitafsiri kwa uaminifu, ni "ukaidi". Ukuta ni mkaidi. Nusu ya tasnifu inahusu jinsi ya kupunguza ukaidi.

Lakini mkaidi ni yule anayeagizwa asitii. Nani alimwagiza mti? Kwa ukungu unaotaka kuingia katika shina, ugumu uleule ni kinga ya mmea. Na kwa mtu anayechoma makala kandokando ya Lubumbashi katika miti ya miombo, lignini ni mali: ubao wenye lignini nyingi huacha makala mengi zaidi tanuri likizimika. (Msomaji wa Dar es Salaam atanisamehe. Kwake makala ni hii anayoisoma, na kwetu ni ile inayopikia bugali.) Basi mti ambao mwenye kiwanda angeusifu kuwa mtiifu, mchoma makala angeuona kuwa mti bure. Neno lilikuwa limekwisha kuchagua upande kabla mtafiti hajapanda mbegu ya kwanza. Dada alisoma neno hilo mara mia kwa Kifaransa na Kiingereza pasipo kushtuka. Alishtuka alipotaka kumwambia mama yake kwamba mti ni mkaidi.

Sasa kuandika. Biolojia sanisi imekopa kwetu karibu kamusi nzima: ADN "inasomwa", "inanukuliwa", "inatafsiriwa", "inahaririwa", na mikusanyo ya vipande vyake huitwa "maktaba". Mwaka 2015 kundi la watafiti wa mimea lilichapisha katika jarida la *New Phytologist* mapatano ambayo wenyewe waliyaita sintaksia ya pamoja. Kila kipande cha ADN kinapewa miisho ya herufi nne, na herufi hizo ndizo zinazoamua kipande gani kinaweza kuungana na kipi: kwanza kile kinachowasha jeni, katikati ujumbe wenyewe, mwishoni kile kinachofunga. Mwanafunzi yeyote wa mofolojia atatambua mambo haya. Ni *tu-li-wa-pik-i-a*: kiima, njeo, yambwa, mzizi, kauli, kiishio, kila kimoja na nafasi yake. Nilifurahi kama mtoto. Tena ningesema wangetumia neno "mofolojia" wangekuwa karibu zaidi na ukweli, maana wanapanga vipande ndani ya neno.

Furaha hiyo ina mtego. Anayeandika hudhani ukurasa hauna la kusema. Kwa muda mrefu ilionekana kwamba mmea ukinyimwa lignini hudumaa kwa sababu kuta zake ni dhaifu. Mwaka 2014 jarida la *Nature* lilitoa utafiti kuhusu mmea mdogo wa majaribio, *Arabidopsis thaliana*, uliokuwa umedumaa hivyo. Watafiti waliondoa jeni nyingine mbili, MED5a na MED5b, ambazo hazijengi ukuta bali zinashiriki kuongoza usomaji wa jeni. Mmea ukakua tena. Ukajenga lignini karibu yote ya aina ambayo kwa kawaida ni chache sana, na sukari ya kuta zake ikatoka kwa urahisi zaidi. Kumbe sehemu kubwa ya kudumaa haikutokana na ukuta kukosa nguvu. Mmea wenyewe ulikuwa umejibu badiliko ukajizuia kukua. Kwa lugha yetu, ule ukurasa ulikuwa unamsoma mwandishi.

Nje ya maabara mambo hayakuwa mepesi zaidi. Watafiti wa Ghent, Ubelgiji, walipanda shambani mipopla yenye lignini iliyopunguzwa, na matokeo yao, yaliyotolewa pia mwaka 2014, yalionyesha kwamba ile iliyopunguzwa sana ilitoa pombe zaidi kwa kila kilo ya ubao, lakini miti yenyewe ilikuwa midogo. Ukipata huku unapoteza kule. Neno "kuandika" halimwandai mtu kwa habari kama hizo. "Kujenga" linamwandaa kidogo. "Kulea" lingemwandaa zaidi, ingawa najua hakuna mhandisi atakayelikubali.

Wengine wataniambia: tuwaache waseme Kifaransa, sayansi ni yao. Ningekubali kama maamuzi nayo yangebaki maabara. Siku ambapo muhogo au mti uliobadilishwa hivi utaletwa kupandwa kwetu, maswali yataulizwa sokoni, kanisani na redioni, kwa Kiswahili, Lingala, Tshiluba na Kikongo. Kama hatuna maneno, uvumi utakuwa nayo. Na mtu atakayeambiwa kwa Kifaransa kwamba ukuta ni "mkaidi" atakuwa ameombwa kukubali jibu kabla ya kusikia swali.

Sisemi kila mwanafunzi aache methali na majina ya watoto mapacha, mada ambazo kazi zetu za lisansi zimezichimba hadi mwamba. Nasema wachache wavuke ua hadi agronomia, daftari mkononi. Kwa ajili ya muhtasari wa dada tumekusanya maneno arobaini hivi. Kumi na mawili bado hatuna imani nayo. "Kukandika" limepita, mama mwenyewe alilielewa papo hapo. "Utando" na "ukuta" bado vinagongana. "Ukaidi" tumeuweka ndani ya alama za kunukuu, na chini yake tumeandika: ndivyo kiwanda kinavyouita. Orodha hiyo nitaibandika mlangoni mwa maktaba ya kitivo Jumatatu, na nimeacha nafasi pana pembeni kwa kalamu zenu.