Mawalii Wanaouzuia Mlango kwa Ajili ya Mshahara

 

Katika tarafa yetu hii ya Idodi, njiani kwendea Hifadhi ya Ruaha, limeenea neno la vibarazani ambalo watu wamekwisha kulifanya kama hukumu: ya kwamba binti aliyesoma mpaka chuo kikuu na kupata mshahara mkubwa haoleki. Husemwa ana kiburi, hataki kupika, hatamheshimu mume. Mimi nasema aulizwe kwanza aliyeushika mlango, naye ni baba yake.

Maana twawajua. Baba amelima mpunga, ameuza magunia, binti amesoma hadi chuo kikuu, na leo ni mhasibu au daktari huko Mbeya au Dodoma. Kila mwisho wa mwezi fedha huingia katika simu ya mzee. Ikija posa ya mwalimu wa shule ya msingi, mzee hukunja uso: "Huyu si wa kiwango chake." Ikija ya mfanyabiashara, hutajiwa mahari ya kurudisha ada zote tangu darasa la kwanza. Posa ya tatu haiji. Binti afikapo miaka 34 majirani husema elimu imemharibu! Kumbe mzee anaogopa kukatikiwa.

Na hapa Idodi hatuna ruhusa ya kuidharau elimu ya wasichana. Agosti 2009 wanafunzi 12 walikufa kwa moto katika bweni la wasichana la Sekondari ya Idodi. Walikuwa wamelifuata daftari. Mwenyezi Mungu awarehemu.

Tuitazame hoja ya gharama. Wengi wa mabinti hawa wamesomeshwa chuoni kwa fedha za Bodi ya Mikopo, iliyoanza kazi mwaka 2005, na deni lile wanalilipa wao wenyewe kwa kukatwa asilimia 15 ya mshahara. Mwenye deni analipa. Basi mposaji naye anadaiwa nini? Tena mahari ni mali ya nani? Aya ya 4 ya Suratun-Nisaa imeamrisha wapewe wanawake wenyewe. Baba akiyatia mfukoni bila ya ridhaa ya bintiye amekula cha mwenziwe. Na kama mzee ana dhiki kweli, binti mwenye uwezo ana wajibu wa kumtunza, na wajibu huo haukatwi na nikahi. Anaogopa nini basi?

Ama hicho "kiwango," sisi tuliosoma Minhaj ya Imam Nawawi tumekisoma kwa jina la kufu. Hutazamwa dini, nasaba na kazi. Lakini utajiri, kwa kauli iliyo sahihi zaidi katika madhehebu yetu ya Shafi, hauhesabiwi. Kazi imehesabiwa, ndiyo, lakini nani atasimama aseme ualimu ni kazi ya aibu? Mimi ni mwalimu, namngoja.

Nanyi vijana msicheke, zamu yenu imefika. Yuko bwana anayetembea na binti wa watu kwa siri huko mjini, anakula hotelini kwa fedha za binti, na akiambiwa apeleke posa husema, "Amenizidi kipato." Kula hakukumzidi! Ikiwa unachoogopa ni nafaka, kitabu kile kile kimeipima kwa hali ya mume wala si kwa hali ya mke: tajiri vibaba viwili kwa siku, wa katikati kibaba na nusu, maskini kibaba kimoja. Timiza kibaba chako. Cha mke ni chake, nawe usikitolee macho; akikupa kwa hiari yake, basi mke wa Ibn Masud alikuwa na mali kuliko mumewe, akauliza kama yafaa kumpa mumewe sadaka, naye Mtume (s.a.w.) akasema ana malipo mawili.

Bibi Khadija (r.a.) tunamtaja kila maulidi. Alikuwa mfanyabiashara, na Mtume (s.a.w.) alikwenda Shamu na mali yake. Alipouona uaminifu wake akamtuma Nafisa bint Munya akamdadisi kuhusu kuoa. Tajiri alianza yeye, kwa mlango ulio wazi. Sisi tunalia kwa visa vyake usiku, asubuhi tunamwita binti wa namna yake haoleki.

Wazee husema, "Basi tuwaache wafanye urafiki?" La. Faragha ya watu wawili wasio maharimu ni haramu, awe na shahada au hana. Lakini sheria imemruhusu mposaji amwone anayemposa. Fungua sebule, kaa nao, waulizane mbele yako mambo ya kazi, ya uhamisho, ya watoto. Ukiifunga sebule, watakutana stendi.

Aya ya 232 ya Suratul-Baqara ilishuka kwa habari ya Maaqil bin Yasar, aliyemzuia dada yake asirudiane na mumewe. Aliposikia, alitii, akamwozesha. Asiyetii, Shafi wamekwisha kulisema: walii akimzuia mwanamke baligh kwa mtu aliye kufu yake na ambaye yeye mwenyewe amemtaka, uwalii huhamia kwa hakimu. Basi binti aende kwa kadhi. Mzee aitwe, aulizwe sababu. Akisema dini ya kijana ni mbovu, asikilizwe na ushahidi uletwe. Akisema mshahara, kadhi aozeshe.