Mfu wa Fulci Hana Funzo, na Ndiyo Maana Hazikiki

Kuna sentensi nimechoka kuisikia. Kila zinapotajwa filamu za kutisha za Kiitalia, hasa zile za mazombi za kati ya 1979 na 1981, lazima atokee msomi mmoja aseme: "Zile hazina hadithi, hazina ujumbe, ni matumbo na minyoo tu." Akishasema hivyo anaegemea kiti chake kama hakimu aliyefunga kesi.

Mimi nasema kesi ndiyo kwanza inafunguliwa. Kama hazina kitu, mbona hazifi? Miaka zaidi ya arobaini imepita. Filamu ngapi za heshima za wakati ule, zenye ujumbe mzito na nia njema, leo hakuna anayezikumbuka? Lakini Lucio Fulci, aliyefariki 1996, bado anatazamwa na vijana ambao hawakuwa wamezaliwa siku anazikwa. Zombi 2 inasafishwa picha na kutolewa upya tena na tena. Watu hawafanyi hivyo kwa sababu ya matumbo. Matumbo yapo kila mahali siku hizi, hata kwenye tamthilia za jioni.

Hoja yangu ni hii, na najua itawaudhi baadhi yenu: filamu hizi zimedumu kwa sababu hazina ujumbe. Kile mnachokiita kasoro ndicho kilichoziokoa.

Tuwekane sawa kwanza. Mwaka 1968 Mmarekani George Romero alitoa Night of the Living Dead. Miaka kumi baadaye akaja na Dawn of the Dead, ambayo Mwitaliano Dario Argento alisaidia kuipatia fedha, kisha akaikata upya kwa ajili ya watazamaji wa Italia na kuiita Zombi. Ikauza. Sasa Italia ya wakati ule ilikuwa na tabia moja: filamu ikiuza leo, kesho zinatoka kumi zinazofanana nayo. Ndipo 1979 ikatoka Zombi 2 ya Fulci, jina likijifanya ni mwendelezo wakati hadithi haihusiani kabisa na ile ya Romero. Ulikuwa ujanja wa biashara, sikatai. Lakini sanaa ngapi tunazoziheshimu zilianza kama biashara? Shakespeare naye alikuwa anauza tiketi.

Na huyo Fulci hakuwa kibarua aliyeokotwa njiani. Alizaliwa Roma 1927, akaongoza vichekesho kibao vya Franco Franchi na Ciccio Ingrassia, akashiriki kuandika wimbo "24.000 baci" ulioimbwa na Adriano Celentano, akatengeneza filamu za ng'ombe na bastola. Mwaka 1972 alitoa Non si sevizia un paperino, kuhusu kijiji cha kusini mwa Italia ambako watoto wanauawa na wanakijiji wanamshuku mwanamke anayesemwa kuwa mchawi. Wanaume wanampiga kwa minyororo makaburini. Anajikokota hadi kando ya barabara kuu na kufia pale, huku magari ya watu wanaokwenda mapumziko yakipita bila kusimama. Kama unataka ujumbe, ule ni ujumbe mpaka unauma. Kwa hiyo tuelewane: Fulci alijua kuhubiri. Alipofika kwa wafu, aliamua kunyamaza.

Sisi tuliosoma fasihi darasani tumefundishwa kuila kazi ya sanaa kama embe. Menya ganda la fani, fika kwenye nyama ya maudhui, toa kokwa la ujumbe, liandike kwenye karatasi ya mtihani. "Jadili dhamira tano zinazojitokeza." Kwa mtindo huo Romero ni mtamu sana. Mazombi wanazurura kwenye jumba la maduka, wewe unaandika "ulafi wa ununuzi katika jamii ya kibepari", unapata alama zako. Naipenda filamu ile. Ila angalia kinachotokea: ukishaelewa somo, hofu inapungua. Mfu anageuka jibu la swali, na jibu halimtishi mtu.

Sasa niambieni, wafu wa Zombi 2 wanamaanisha nini? Kwenye kisiwa cha Matul yuko Daktari Menard anayehangaika kutafuta chanzo cha kisayansi cha maiti kuamka. Filamu nzima anatafuta. Hapati. Filamu haimpi jibu yeye, wala haitupi sisi. Wafu wanatoka ardhini wakiwa na nyuso kama vyungu vilivyopasuka, kazi ya Giannetto De Rossi, wanatembea taratibu, hawasemi. Si ishara ya ubepari wala ya vita. Ni maiti. Ni kile ambacho sisi sote tutakuwa, na hakuna mhadhara utakaoturuka hapo.

L'aldilà ya 1981 inakwenda mbali zaidi. Mwanamke anarithi hoteli Louisiana, kumbe imejengwa juu ya mojawapo ya milango saba ya kuzimu. Kuna tukio moja ambalo kila mpenda vitabu angepaswa kulitazama. Mtu anakwenda maktaba kutafuta ramani ya jengo hilo. Anaipata. Anaanguka kutoka kwenye ngazi, anabaki amelala sakafuni bila kuweza kujisogeza, na buibui wanakuja taratibu kumla uso. Wakati huo ramani inafutika yenyewe kwenye karatasi. Wachambuzi wanacheka kwamba baadhi ya buibui wanaonekana bandia. Ni kweli, wanaonekana. Lakini jamani, mmeona kilichotokea lakini? Mtu amekwenda kwenye vitabu kutafuta maelezo, ameyapata, na maelezo yamejifuta. Filamu imekuambia waziwazi kwamba hutapewa ufafanuzi, na wewe unatoka ukumbini ukilalamika hukupewa ufafanuzi!

Wanasema haina mantiki. Wanataja daktari anayeendelea kupiga risasi kifuani wakati ameshaona kwamba ni kichwani tu ndiko kunakofaa. Wanataja kibao cha hospitalini chenye Kiingereza kibovu. Wanataja mwisho, ambapo watu wawili wanateremka ngazi za hospitali na kujikuta kwenye chumba cha chini cha hoteli iliyo mbali, kisha ndani ya mchoro walioutazama mwanzoni, uwanda wa kijivu uliotapakaa miili, macho yao yamegeuka meupe. Mimi nauliza: wewe ndoto zako mbaya zina mantiki? Kwenye jinamizi huwa unakimbia vizuri? Fulci alikuwa akimtaja Antonin Artaud, Mfaransa aliyetaka tamthilia impige mtazamaji mwilini badala ya kumweleza mambo. Unaweza kusema alishindwa kumfikia Artaud. Huwezi kusema hakujua anachofanya.

Haya, twende kwenye damu. Tukio maarufu la Zombi 2 ni la jicho. Mke wa daktari anajaribu kuuzuia mlango. Mkono unapenya, unamshika nywele, unamvuta kuelekea kijiti cha mbao kilichovunjika. Unamvuta polepole. Kamera haigeuki. Uingereza filamu hiyo iliingia kwenye orodha ya kanda zilizoshitakiwa kwa uchafu, katika ile taharuki iliyozaa Sheria ya Rekodi za Video ya 1984. Lakini mwaka 1929 Luis Buñuel na Salvador Dalí walionyesha jicho likikatwa kwa wembe katika Un chien andalou, na leo filamu hiyo inafundishwa vyuo vikuu. Jicho ni lilelile. Kosa la Fulci ni kwamba wake aliuza tiketi kwa watu wa kawaida. Hebu tuwe wakweli: nusu ya dharau dhidi ya filamu hizi ni dharau dhidi ya waliozitazama kwenye kumbi za bei rahisi.

Ipo hoja moja dhidi yangu ambayo ni nzito, na sitaikwepa: ubaguzi. Visiwa, ngoma usiku, watu weusi wanaochukuliwa kama sehemu ya mandhari ya kutisha. Zombi 2 haina mikono safi hapo. Virus ya Bruno Mattei, ya 1980, ni aibu tupu. Mattei alichukua picha za watu halisi wa Papua New Guinea kutoka filamu za wengine, ikiwemo La Vallée ya Barbet Schroeder ya 1972, akazibandika katikati ya mazombi wake kana kwamba wale watu nao ni majini. Siitetei.

Lakini angalia kitu cha ajabu. Katika filamu zote hizo, Virus ndiyo yenye ujumbe mzuri kuliko zote! Mazombi wanatokana na mpango wa siri wa mataifa tajiri wa kupunguza watu wa Dunia ya Tatu kwa kuwafanya walane. Kuna hata mjumbe anayelalamika ukumbini kwamba nchi maskini zinaonewa. Mpe mwanafunzi wa kidato cha sita aichambue, atajaza kurasa nne. Na bado ni filamu mbovu, yenye dharau kwa watu walewale inaodai kuwatetea. Ujumbe haukuiokoa. Wakati huohuo Fulci, bila hotuba yoyote, aliweka kwenye kisiwa chake makaburi ya zamani ya wavamizi wa Kihispania. Yule zombi mashuhuri mwenye minyoo jichoni, ambaye sura yake imebandikwa kwenye mabango na fulana dunia nzima, anatoka kwenye makaburi hayo. Mkoloni wa karne zilizopita anaamka, bado ana njaa. Hakuna mhusika anayesimama kukueleza hilo. Unaliona tu, linakukaa rohoni.

Kwa nini haya yatuhusu sisi tunaosoma Kiswahili? Neno zombi lilitoka Haiti, na wengi wanalifuatilia hadi lugha za Kibantu za Kongo na Angola, walikotolewa watumwa. Zombi wa Haiti ni maiti aliyeamshwa ili afanyishwe kazi shambani. Mtanzania hahitaji tafsiri hapo. Anayo ndondocha, anayo msukule. Hofu ni ileile: kwamba hata kifo hakitakutoa kwenye kongwa la bwana wako. Romero alimwondoa bwana akamwacha mfu peke yake. Fulci akamwondolea mfu hata sababu.

Na sisi wafu wetu wa fasihi ni waongeaji. Katika Babu Alipofufuka ya Said Ahmed Mohamed, ya 2001, babu anarudi kutoka kwa wafu kumsuta mjukuu wake, K, na kumwonyesha uozo anaoishi ndani yake. Ni riwaya kubwa, naiheshimu sana. Lakini imetukuta tumeshazoea kwamba marehemu akirudi lazima ana neno la kusema. Mzimu unadai tambiko, babu anadai uadilifu. Hatuna mazoea ya mfu asiyedai kitu. Ndiyo maana Euphrase Kezilahabi alipotoa Nagona mwaka 1990 na Mzingile mwaka uliofuata, wasomaji wengi walifunga kitabu kabla ya kufika mbali wakiuliza: "Kwani hii inahusu nini?" Swali hilohilo wanalomtupia Fulci. Na mwandishi kijana anayeleta leo hadithi ya kutisha isiyo na funzo mwishoni anaambiwa arudi akaongeze funzo. Nimewasikia wahariri wakisema hivyo, kwa sauti ya upole kabisa, kama daktari anayeagiza dawa.

Hapa ndipo ugomvi wangu ulipo. Fulci ni mfano; mgonjwa ni usomaji wetu. Tukiendelea kudai kila kazi itulipe funzo tukitoka, tutabaki na fasihi ya wasia na maonyo, na hofu zetu halisi tutawaachia wengine watutengenezee. Waitalia wenyewe hawakuogopa. Tiziano Sclavi alianzisha vibonzo vya Dylan Dog mwaka 1986, na toleo la kwanza lilikuwa la wafu wanaoamka. Riwaya yake Dellamorte Dellamore ikawa filamu ya Michele Soavi mwaka 1994, kuhusu mlinzi wa makaburi ambaye kazi yake ni kuwazika wafu kwa mara ya pili. Anachoka na kazi hiyo mpaka haoni tena tofauti ya mzima na mfu. Kutoka kwenye "takataka" za 1979 wakapata riwaya, vibonzo na sinema. Sisi tuna ndondocha tangu enzi za mababu, na tunamtumia kutishia watoto.

Namalizia na picha ile wanayoicheka kuliko zote. Mwisho wa Zombi 2, wafu wameingia New York. Wanakokota miguu juu ya Daraja la Brooklyn, redio inatangaza maangamizi, na chini yao magari yanapita kama kawaida, taa zinawaka, kila mtu na safari yake. Eti ni kosa, walishindwa kuzuia magari. Inawezekana kabisa hawakuwa na uwezo wa kuyazuia. Lakini rudi 1972, kwa yule mwanamke anayefia kando ya barabara huku magari ya mapumziko yakimpita. Mtu yuleyule ndiye aliyeshika kamera. Kifo kiko juu ya daraja, sisi tuko chini tunawahi kazini. Kama hilo kwako ni kosa la kiufundi tu, basi endelea kuendesha.