Tuache kuhesabu makala za watafiti, tuzisome

Kama wewe hupima posti yako kwa laiki, usiwacheke maprofesa. Wao pia wana laiki zao. Mtafiti akichapisha makala kwenye jarida, kila mwenzake anapoitaja katika kazi yake, inahesabiwa. Mwaka 2005 mwanafizikia Jorge Hirsch wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, alileta kipimo kinachoitwa h-indeksi. Ukiwa na makala 20, na kila moja imetajwa angalau mara 20, h yako ni 20. Basi. Miaka yako yote ya maabara imekuwa namba moja, na namba hiyo huangaliwa ukiomba kazi, cheo ama pesa za utafiti.

Sasa cheki hii. Agosti mwaka huohuo, jarida la Immunity lilichapisha makala ya Katalin Karikó, mwanabiokemia kutoka Hungary, na Drew Weissman, mtaalamu wa kinga ya mwili, pamoja na wenzao. Wawili hao walikuwa Chuo Kikuu cha Pennsylvania, Marekani, na walijuana kwenye mashine ya fotokopi, kila mmoja akitoa nakala za makala za kusoma.

Walikuwa wanasumbuliwa na nini? mRNA ni ujumbe unaoiambia seli itengeneze protini gani. Karikó aliamini ujumbe huo unaweza kuandikwa maabarani na kutumwa mwilini. Lakini ukiudunga hivi hivi, kinga ya mwili inaudhani ni mvamizi na kuushambulia. Wao wakagundua kwamba ukibadilisha herufi moja ya ujumbe, kwa mfano kuweka sudouridini mahali pa uridini, kinga inatulia na ujumbe unapita.

Rekodi ya Karikó wakati huo haikuwa ya kutambia mtu. Mwaka 1995 chuo chake kilimshusha cheo kwa sababu hakuwa akipata ufadhili. Makala yenyewe ilikataliwa kwanza na jarida la Nature, na ilipotoka hakukuwa na kelele. Mwaka 2013 akajiunga na kampuni ya BioNTech, Ujerumani.

Kisha Covid ikaja. Chanjo za Pfizer-BioNTech na Moderna zote zinatumia mRNA iliyobadilishwa kwa msingi wa ugunduzi ule. Dozi za Moderna zilitua Kenya Agosti 2021. Kama ulidungwa mojawapo ya chanjo hizo, makala ya 2005 imepita kwenye mkono wako. Mwaka 2023 wawili hao wakapewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Funzo si kwamba kuchapisha ni bure. Wasingechapisha, wengine wangejengea juu ya nini? Shida iko kwa anayehesabu. Namba za kutajwa huja baada ya kazi, wakati mwingine miaka 15 baadaye, ilhali bosi anataka kuamua leo.

Huku kwetu, vigezo vya mwaka 2014 vya Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu (CUE) vya kumpandisha mhadhiri cheo vilihesabu alama za machapisho. Mhadhiri si mjinga. Anaona makala tatu za harakaharaka zinalipa kuliko swali moja gumu la miaka kumi. Hapo ndipo majarida ya kitapeli hupata wateja: lipa, tuma, imechapishwa.

Najua utaniuliza: tukitupa namba, si vyeo vitagawiwa kwa kujuana? Swali la haki kabisa, Kenya tunaijua. Ndiyo maana sisemi tuzitupe. Zibaki mlangoni. Lakini ndani, mtafiti achague makala zake tatu bora, na jopo la watu wanaoelewa fani hiyo lizisome mwanzo hadi mwisho, kisha liandike sababu za uamuzi wake. Kujuana kunajificha vizuri zaidi nyuma ya jumla ya alama kuliko nyuma ya maelezo yaliyoandikwa.

Na hili si jambo la maprofesa peke yao. Machi 2022 Moderna ilitangaza mpango wa kujenga kiwanda cha mRNA hapa Kenya. Aprili 2024 ikausimamisha, ikisema mahitaji ya chanjo za Covid Afrika yameshuka. Kiwanda cha mgeni kinaondoka kwa taarifa moja. Kinachobaki ni watu wanaojua kazi, na hao hawalelewi kwa mwaka mmoja. Sheria ya 2013 ilitaja asilimia 2 ya pato la taifa iende kwa utafiti, hatujaifikia. Hata hicho kidogo kilichopo, tukikigawa kwa kuhesabu tu, Karikó wetu atafunga maabara mapema na kutafuta hasla nyingine.

Uko kampasi? Wiki hii usimuulize mhadhiri wako ana makala ngapi. Muulize ni ipi anayojivunia, halafu uisome.