Baada ya Dozi, Mchana Mrefu

Tangu mwaka 2011 Hospitali ya Taifa Muhimbili imekuwa ikitoa methadoni kwa waliotekwa na heroini. Mgonjwa hunywa dozi yake mbele ya mhudumu. Ni jambo la dakika chache. Kisha aende wapi? Kijiweni wanamngoja wale wale wa jana, na mchana ni mrefu.

Sisi humwombea, hata sahani ya chakula humpa. Jembe la shamba la parokia hatumpi. Ufunguo wa ghala ndio kabisa hatuthubutu! Hofu hiyo ina sababu, maana wapo waliouza hata masufuria ya mama zao. Lakini Baba Mtakatifu Yohane Paulo wa Pili, katika waraka wake Laborem Exercens wa mwaka 1981, alifundisha kwamba kwa kazi binadamu huukamilisha utu wake. Tukimnyima kazi, tunamnyima nini?

Parokia na zianze na kidogo: bustani, useremala, ufundi cherehani, kwa ujira wa haki. Kazi ianze baada ya saa za dozi, na asipofika, awepo mwanajumuiya wa kuuliza, "Fulani yuko wapi leo?"