Adimu si adhimu, jamani

Wadau, leo naomba tuiache siasa kidogo tuzungumzie herufi moja tu, h. Kila wiki kwenye magazeti yetu (likiwemo lile linalonilipa mshahara) hukosi kusoma kwamba fulani "amepata fursa adhimu". Ukiendelea na habari unagundua mwandishi alitaka kusema fursa hiyo haipatikani kirahisi. Basi neno lake ni adimu.

Maneno yote mawili tumeyapata kwa Waarabu, na ni vivumishi visivyopokea viambishi: kitu adimu, watu adimu, huwezi kusema kiadimu wala waadimu. Lakini hayana undugu. Adimu imetoka kwenye mzizi wa kukosekana, ndiyo maana tuna kuadimika. Adhimu imetoka kwenye mzizi wa ukuu, na jamaa zake ni adhama, taadhima na maadhimisho. Waarabu wana herufi tatu tofauti ambazo sisi tumezipokea zote kwa dh: ile ya dhahabu, ile ya dhuluma na ile ya Ramadhani. Adhimu iko pamoja na dhuluma. Adimu haimo hata katika moja, d yake ni ile ile ya dini na dunia.

Sasa kwa nini tunachanganya? Nadhani ni woga. Kihaya hakina sauti ya dh, kwa hiyo mtu wa kwetu akisema "zambi" badala ya dhambi anachekwa tangu shule ya msingi. Akishapata digrii na kalamu anaanza kumwaga dh hata pasipohusika, ili asionekane wa kuja.

Na si ubishi wa kamusi tu. Chukua senene. Novemba wakishuka kwa wingi, kutoka Bukoba mjini hadi Kimwani kule Muleba, ni kitoweo adhimu lakini si adimu. Msimu ukipita wanakuwa vyote viwili. Au ndizi: ugonjwa wa mnyauko wa migomba ulipoingia Kagera mwaka 2006, mkulima aliyekata shamba lake zima angesoma kwamba "ndizi zimekuwa adhimu", angedhani mwandishi anamtania.

Linaloniudhi zaidi ni yule jamaa mwingine wa ukoo huo huo. MV Bukoba ilizama tarehe 21 Mei 1996 ikikaribia Mwanza, ikiwa imetoka Bukoba, na mamia ya watu wakafa. Wengi wamezikwa Igoma. Hata hivyo, mwezi Mei huwa tunasoma "maadhimisho ya ajali ya MV Bukoba". Kuadhimisha ni kutukuza! Tunaadhimisha Uhuru, tunaadhimisha Muungano. Wapo watakaosema maana ya neno imepanuka, siku hizi ni siku yoyote ya kukumbuka jambo. Sawa, lugha hupanuka, na kwenye fursa niko tayari kusamehe, maana fursa inaweza kweli kuwa kubwa. Kwenye ajali ile siwezi, wakati kumbukumbu ipo na kila mtu anaielewa. Tena kwa wahariri wanaolilia nafasi kwenye kichwa cha habari, kumbukumbu ina herufi 10, maadhimisho ina 11.